Maswali na majibu: mabasi ya ghorofa yatatufaa Mwanza?

Tangu nilipoandika kuhusu foleni ya Barabara ya Kenyatta, barua nyingi zimekuja na wazo moja: tuletewe mabasi ya ghorofa kama ya Ulaya. Nimechagua chache. Walioniuliza nauli itakuwa shilingi ngapi nimewaacha, kwa sababu nauli hupangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, na basi lenyewe bado halipo.

Shikamoo mzee. Kwa nini Mwanza tusilete mabasi ya ghorofa yamalize foleni ya Buhongwa hadi mjini? (Msomaji, Mkolani)

Marahaba mwanangu. Kwa upande wa nafasi barabarani una hoja nzito. Lile basi jekundu la London liitwalo Routemaster, lililoanza kubeba abiria mwaka 1956, lilikuwa na urefu wa mita 8.4 tu toka mbele hadi nyuma, na ndani viti 64. Kosta yetu ina karibu mita 7 na viti vyake havifiki hata nusu ya hivyo. Kwa kipande cha lami kinachokaribiana, basi la ghorofa linabeba watu zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana London, Hong Kong na Singapore hazijaachana nayo.

Sasa nenda Mkuyuni saa kumi na mbili jioni utazame foleni inavyozaliwa. Haisi inasimama katikati ya njia kupakia. Kosta iliyo nyuma yake inangoja. Bajaji inapenya kushoto, bodaboda inapita kulia, na mpiga debe ameshika mlango bado anaita. Weka basi la ghorofa mahali hapo. Waliokaa juu wanaanza kushuka mmoja mmoja kwa ngazi nyembamba, na wanaotaka kupanda wanawasubiri mlangoni. Muda wa kituoni ndio udhaifu mkubwa wa mabasi haya, na wanaoyasifia hawautaji. Yanaokoa nafasi yakiwa yanatembea, kisha yanapoteza muda kila yanaposimama. Kwenye njia ambayo daladala husimama popote abiria anaposema "shusha", hasara itazidi faida.

London walikuwa na dawa yao. Routemaster lilikuwa wazi nyuma, abiria wakapanda na kushuka upesi, na konda akakusanya nauli gari likiwa linatembea. Makonda walipoondolewa, abiria wakaanza kujipanga kwa dereva kulipa, na mabasi yakachelewa. Ikaja kadi ya kulipia nauli iitwayo Oyster mwaka 2003, na tangu Julai 2014 mabasi ya London hayapokei fedha taslimu kabisa. Sisi makonda tunao tayari. Tunachokosa ni vituo vyenye eneo la kuingia pembeni ya barabara, na dereva anayelazimika kuingia humo. Hilo lifanyike kwanza. Linawezekana mwaka huu, kwa Haisi hizihizi.

Ni kweli mabasi ya ghorofa hupinduka kirahisi? (Msomaji, Nyakato)

Likiendeshwa na kupakiwa kama lilivyoundwa, hapana. Injini, ekseli na tangi la mafuta viko chini, kwa hiyo uzito mkubwa uko chini. Uingereza basi la namna hiyo hupimwa kwa kulazwa ubavu: ghorofa ya juu inawekewa uzito wa abiria, ya chini inaachwa bila abiria, na gari linatakiwa lifike mwinamo wa digrii 28 bila kuanguka. Ni kipimo kigumu.

Lakini kipimo hicho kinategemea kanuni mbili. Ya kwanza, juu hasimami mtu hata mmoja. Ya pili, dereva hakimbizi kwenye kona. Tarehe 10 Februari 2018 huko Tai Po, Hong Kong, basi la ghorofa liliingia kona ya mteremko kwa mwendo mkali likalala ubavu. Watu 19 walikufa. Na huo ni mji wenye uzoefu wa mabasi haya tangu 1949.

Sisi watu wa ziwa hatuna sababu ya kwenda Hong Kong kujifunza. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilikaribia kabisa kufika Mwanza ikapinduka, ikiwa imejaza kupita uwezo wake. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na Ukara na zaidi ya watu 200 wakafa. Familia nyingi zinazosoma ukurasa huu zilizika. Chombo chochote chenye kimo kina kiwango chake cha mzigo, na kiwango hicho hakijui huruma ya "mwongeze huyu mmoja".

Kwa hiyo nauliza mimi sasa: nani atapanda juu kuwashusha waliosimama? Mwaka 2020, wakati wa korona, tulisikia "level siti" kila kituo, yaani kila abiria aketi na asisimame mtu. Hofu ilipopita, watu wakarudi kuning'inia mlangoni, na trafiki wanaliona gari hilo likipita. Mji ulioshindwa kusimamia level siti kwenye Haisi, ambayo abiria wake wote unawaona kupitia dirishani, usikabidhiwe gari lenye abiria huko juu ambao askari aliye chini hawaoni. Nasema hivi nikijua nitawaudhi wengi wanaolitaka basi hili kwa nia njema.

Litapanda mlima wa Bugando? (Msomaji, Igogo)

Hapana. Na lisijaribu.

Nauza dagaa, napandia Kirumba na ndoo mbili na mtoto mgongoni. Ghorofa itanisaidia nini? (Mama wa Mwaloni)

Dada yangu, itakusaidia kidogo sana, na ahsante kwa kuuliza, maana barua nyingine zote zimeandikwa kama vile abiria ni kijana mwenye mikono mitupu. Ngazi za ndani ya basi ni za mzunguko na zimebanwa. Huwezi kuzipanda na ndoo, na gari likifunga breki ukiwa katikati utaanguka na mtoto. Ninyi, wazee, wajawazito na wenye magongo mtabaki chini, ambako viti ni vichache kuliko juu, na mtagombania nafasi na kijana anayeshuka kituo kinachofuata ambaye haoni sababu ya kupanda. Atakayeleta mabasi haya aandike kwanza viti vya chini ni vya nani, na konda awajibike.

Basi la ghorofa linabeba watu 200, sivyo? (Wasomaji wengi)

Sivyo. Nimeshalijibu mara nyingi. La kawaida linabeba kati ya 80 na 100, ukihesabu na wachache wanaosimama chini. Anayekwambia 200 anahesabu walioning'inia, na huyo ndiye ninayemwogopa.

Kati ya ghorofa na lile basi refu la mwendokasi la Dar, lipi bora? (Msomaji, Igoma)

Basi refu la kuunganishwa, la mita 18, lina milango kadhaa na sakafu moja, kwa hiyo watu wanamiminika haraka. Dar limetumika tangu Mei 2016 kwa sababu lilijengewa njia yake peke yake. London waliyaleta hayo marefu wakayachanganya na magari mengine kwenye mitaa finyu, na kufikia Desemba 2011 yote yalikuwa yameondolewa. Mwanza hatuna njia ya peke yake, na milima ya mawe upande huu na ziwa upande ule vinafanya kuipata iwe kazi ngumu. Mimi ningeanza na basi la kawaida la mita 12, la ghorofa moja, lenye milango miwili mipana, kutoka Buhongwa kupitia mjini hadi uwanja wa ndege, na jingine Kisesa hadi mjini. Lisikatishe ruti hata usiku. Huyo abiria anayeshushwa Nyegezi wakati amelipa nauli ya Buhongwa anaumizwa kila siku, na ghorofa haimtibu.

Nimeona ya mtumba Uingereza kwa bei nzuri. Ninunue? (Tajiri mtarajiwa, Buzuruga)

Usilipe hata senti kabla hujapata jibu la maandishi kutoka LATRA. Usukani na mlango viko upande unaofaa kwetu, hilo ni kweli. Ila mengi ya miaka ya karibuni yana sakafu ya chini sana ili kiti cha magurudumu kiingie bila ngazi. Likikutana na matuta yetu, au na maji ya Mto Mirongo mvua ikinyesha, utalitengeneza tumbo kila mwezi, na fundi wa kulijua hapa mjini utamtafuta sana.

Na kwa watalii? (Msomaji, Capri Point)

Hapo nakubali. La wazi juu, mwendo wa polepole, kila mtu ameketi, kuanzia mwamba wa Bismarck hadi geti la kwenda kisiwa cha Saanane. Matawi ya miti yakatwe kwanza.

Litapita chini ya daraja la waenda kwa miguu pale Furahisha? Na pale Mabatini? (Msomaji, Pasiansi)

Mabasi haya Uingereza yana kimo cha karibu mita 4.4. Mwaka 1994 mjini Glasgow moja liligonga daraja la reli lililokuwa fupi kuliko basi, na watu watano wakafa, wengi wao watoto waliokuwa juu. Kwa hiyo pimeni kila daraja, kila waya wa umeme na wa intaneti unaovuka barabara, na pimeni pale waya ulipolegea zaidi, siyo kwenye nguzo. Kisha mpime upya kila barabara inapowekewa lami juu ya lami ya zamani, maana barabara imepanda na daraja limebaki palepale.