Mwanangu, kuhusu mdogo wako na kituo

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara tatu, jana usiku mara mbili na leo alfajiri kabla mdogo wako hajaamka. Umeniuliza, "Mama, tumtoe kwenye hiki kituo cha watu wenye ulemavu aende kwenye hii programu ya kazi au abaki alipozoea? Wanataka jibu mwisho wa mwezi." Nikaandika maneno mawili nikafuta, nikaandika tena nikafuta, nikaona haya mambo kwenye meseji hayaingii, acha nikuandikie barua.

Kwanza kuna kitu sijawahi kukwambia. Siku ya kile cheti we hukuwepo, ulikuwa umeshahama kwa ajili ya kazi, jioni ulinipigia nikakwambia sherehe imependeza na mdogo wako kapendeza. Ni kweli alipendeza. Ila sikukwambia yote.

Unavikumbuka vile vyeti vyake vitatu juu ya kitanda, vyenye jua la njano kwenye kona? Sherehe ile ilikuwa ya nne. Alikuwa na miaka 27, kavaa lile shati la bluu na vifungo kafunga mwenyewe (hayo ya vifungo nitayafikia). Wakamwita jina, akapanda jukwaani, watu makofi, na mimi ndo nilipiga kuliko wote. Akapewa cheti, akakiangalia. Unajua kusoma hasomi sana lakini picha hazimpiti. Akaliona lile jua. Akamgeukia mkuu wa kituo akasema, na ile sauti yake isiyojua kunong'ona, "Hiki ninacho."

Ukumbi mzima ukacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walidhani anatania. Hakuwa anatania mwanangu, alikuwa anarudisha. Alinyoosha mkono na kile cheti kama mtu anavyorudisha chenji iliyozidi. Na mimi, mimi mama yake mzazi, nikapaza sauti kutoka pale nilipokaa, "Sema asante!" Akasema asante. Akashuka, akakaa, akakiweka cheti chini ya kiti, na tulipoondoka hakukiinamia, nikakiokota mimi. Kipo kabatini kwangu, ukutani sijakitundika.

Hilo linaniuma mpaka leo, na linaloniuma zaidi ni ile asante. Ukumbi mzima ule aliyesema kweli alikuwa yeye peke yake na mimi nikamnyamazisha. Miaka minne darasa lile lile la stadi za awali, kupanga rangi, kutaja siku za wiki, kupaka rangi wanyama kwenye karatasi, mtu mzima mwenye ndevu!

Lakini usinielewe vibaya, nisije nikaonekana mchoyo wa fadhila. Unakumbuka ile miaka miwili kabla ya kituo. Shule ilimtoa kwa sababu umri umefika, wala sio kwa sababu amemaliza kujifunza, na kila asubuhi anavaa begi anakaa mlangoni anasubiri gari ambalo haliji, mpaka we ukalificha lile begi juu ya kabati na usiku nikakusikia unalia. Kituo ndo kilimtoa pale mlangoni. Kilimpa rafiki, kilimpa ngoma, kilimpa mahali pa kwenda na watu wanaomuuliza jana ulikuwa wapi mbona hukuja. Hicho sio kitu kidogo, kuna wazazi wengi hata hicho hawajakipata. Watu wanapenda kujenga vitu vya watoto wenye ulemavu, mtoto anahurumiwa, ila akiota ndevu wanatafuta pa kuangalia. Na mimi naona sababu mojawapo ni kwamba hawakutegemea wafike huko. Kule Marekani mwaka 1983 mtu mwenye sindromu ya Down, ule ulemavu wa kuzaliwa nao kama wa mdogo wako, alitegemewa kuishi kama miaka 25 tu, sasa hivi ni karibu 60. Mdogo wako ana 31. Maana yake bado ana nusu ya maisha mbele yake na mimi miaka yangu naijua.

Sasa vifungo. Yule mwalimu kijana aliyekaa pale mwaka mmoja tu, yule mwembamba, aliniita siku moja niangalie. Mi nilikuwa namfunga mdogo wako shati toka amezaliwa na nilishakata tamaa, vidole vyake vifupi, kifungo kinateleza. Yule kijana akafunga vyote mwenyewe akabakiza cha mwisho, na hicho cha mwisho akakipitisha nusu, akamwachia mdogo wako akivute tu kitoke upande wa pili. Yaani anaanzia mwishoni, ili kila mara yeye ndo awe amemaliza kazi. Wiki ya pili kifungo kizima, baadaye viwili, vitatu, mpaka akafika kolani. Siku hiyo ya kwanza mdogo wako alikishika, kikateleza, akakishika, akaanza kutoa ulimi pembeni vile anavyofanya, na mkono wangu ukaenda wenyewe. Kijana akaniambia taratibu, "Mama, hesabu kumi kwanza." Nikahesabu. Nilipofika saba kikapita.

Tangu hapo unanijua, ndo wimbo wangu, hesabu kumi, nawachosha nao nyote. Lakini ni kweli na nitairudia mpaka mnizike: yule mtoto hakushindwa vifungo miaka yote ile, tulikuwa hatumsubiri.

Huyo kijana ndo alinisimulia habari za Marc Gold, Mmarekani mmoja ambaye miaka ya 1970 alichukua watu waliokuwa kwenye karakana maalumu za walemavu, wale ambao kila mtu alisema hawafundishiki, akawafundisha kuunganisha breki ya baiskeli, breki kamili yenye vipande 15, wakaweza. Hakutumia maneno mengi, alikata kazi vipande vidogo vidogo, mtu akikosea anaambiwa jaribu njia nyingine, basi. Nilivyosikia hiyo nilikaa kimya nikawaza wale wanyama wa kupaka rangi. Maana kama mwanafunzi hajajifunza, Gold alisema tatizo litafutwe kwenye ufundishaji. Tulivyozoea sisi tatizo tunalitafuta kichwani kwa mwanafunzi na kila mwaka tunampa jua la njano.

Ee, najua, hujaniuliza hayo. Umeniuliza kituo au kazi.

Hiyo programu ya kazi nimeielewa ulivyonieleza na nikauliza na wazazi wenzangu. Zamani walikuwa wanasema mtu aandaliwe kwanza, akiiva apelekwe kazini, na wengi waliandaliwa mpaka wakazeeka hawajaiva. Hawa wanafanya kinyume, anawekwa kwenye kazi halisi na mkufunzi pembeni yake, anafundishwa pale pale, kwenye mashine zile zile na watu wale wale, na mkufunzi anajitoa kidogo kidogo. Ile wiki moja ya majaribio kwenye kukunja mashuka alirudi nyumbani akakunja kila kitu humu ndani, mataulo, vitambaa, mpaka pazia alitaka kulishusha. Kona na kona, anapiga na kiganja kulainisha, anarudi nyuma anaangalia, kama halijakaa sawa anafumua anaanza upya. Sijawahi kumuona hivyo kituoni.

Lakini pia ile wiki alikula peke yake. Mkufunzi aliniambia, kwa nia njema kabisa, "anakula vizuri tu pale kwenye benchi." Kituoni hali peke yake hata siku moja. Na mkufunzi akishajitoa nani atajua kwamba akinyamaza sana ana homa? Nani atajua kwamba akicheka sana ameogopa? Halafu najibu mwenyewe, hayo hayo nilisema habari ya basi. Unakumbuka nilivyogoma? Yule mfundishaji alikaa naye kiti kimoja wiki nzima, akahamia kiti cha nyuma, akaja kukaa mwisho kabisa wa basi, baadaye akawa anamsubiri kituo cha kushukia, na siku ya kwanza peke yake mdogo wako akapitilizwa. Mi nilikuwa nimeshavaa viatu nakimbia polisi. Naye akatoa ile kadi yake shingoni akamwonyesha dereva, dereva akampandisha basi la kurudi, akafika nyumbani kachelewa dakika arobaini, amefurahi, anataka kesho apitilizwe tena. Kwa hiyo hofu yangu ilishawahi kukosea. Ila sio kila siku itakosea, na wewe huna mtoto bado, usinicheke.

Sasa swali langu mwanangu, ambalo naona ndo lilitakiwa liwe la kwanza. Yeye umemuuliza?

Mi sijamuuliza. Nimejadili na wewe, na mkuu wa kituo, na wazazi wenzangu kwenye kikao, na usiku nimejadili na Mungu. Ule Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, wa mwaka 2006, tulisomewa kwenye kikao hicho hicho. Kifungu cha 24 kinataja mpaka elimu ya watu wazima na kujifunza maisha yote, na cha 19 kinasema mtu achague aishi wapi na aishi na nani. Nilitikisa kichwa kukubali kama wenzangu. Nikarudi nyumbani nikamchagulia soksi. Kule Oregon, Marekani, mwaka 1974 wenyewe wenye ulemavu wa akili waliitisha mkutano wao, wakajiita Watu Kwanza, kwa kuwa walichoka kutajwa kwa ulemavu kabla ya utu wao. Hiyo ni miaka mingapi imepita na mimi ndo kwanza najiuliza kama nimuulize.

Unataka niseme ipi. Jibu ninalo mwanangu, lipo hapa kwenye ncha ya ulimi linaniwasha toka jana, na nimeliandika kwenye karatasi nyingine nimeichana. Nikilisema utalibeba, unaniamini kupita kiasi, na yeye akilisikia kwangu atakubali hapo hapo. Anakubali kila ninachosema. Nilimfundisha mwenyewe.

Kwa hiyo Jumamosi njoo, na uje na picha. Chapisha zile ulizopiga, ya chumba cha ngoma, ya rafiki yake, ya meza ya mashuka, ya lile benchi, ya basi, ya mkufunzi, kila moja peke yake na ziwe kubwa. Tutaweka mezani alama tatu, uso unaocheka, uso ulionuna na uso usiojua, yeye aziweke picha anapotaka. Usimuulize "unataka kazi, eti?" maana atasema ndio. Na usimuulize "kituo au kazi," maana atarudia la mwisho, nimemjaribu, ukigeuza maneno na jibu linageuka. Tutazipanga Jumamosi na tutazipanga tena Jumapili kwa mpangilio mwingine tuone kama zinaangukia pale pale. Mimi nitakaa nyuma yake, asinione uso. Akichelewa na picha mkononi tusimsaidie hata kwa macho, na hapo kumi haitoshi, hesabu hata thelathini.

Inawezekana akaweka vyote viwili kwenye uso unaocheka. Hilo nimeliwaza usiku wa manane, siku tatu huku mbili kule, sijui kama wanakubali, waulize. Na waandikie sasa hivi waongeze wiki mbili, waambie mhusika mwenyewe bado hajajibu. Wakikataa nipe namba niwapigie mimi.

Mama yako