Maswali ya Kilatini: mtumwa aliyevunja chombo cha kioo

Mwalimu, shikamoo. Natafsiri *laborabat* na *laboravit* zote kwa "alifanya kazi", na hapa seminari nakatwa maksi. Kosa liko wapi?

Marahaba. Kosa ni kukisahau Kiswahili chako. *Laborabat* ni imperfekti: alikuwa akifanya kazi, hatuoni mwisho wake. *Laboravit* ni perfekti: alifanya, basi.

Chukua kisa anachokisimulia Seneca, mwanafalsafa wa Roma. Tajiri Vedius Pollio amemkaribisha Kaisari Augustus chakulani. Kijana mtumwa alikuwa akihudumu (*ministrabat*), akavunja (*fregit*) chombo cha kioo. Pollio akaamuru (*iussit*) atupwe bwawani, kwenye mikunga, samaki wenye umbo la nyoka, aliyoifuga. Kijana akaponyoka, akakimbilia miguuni pa Augustus. Hakuomba asamehewe, aliomba tu afe kifo kingine, asiliwe na samaki. Augustus akaamuru aachiwe, vyombo vyote vya kioo vivunjwe mbele yake na bwawa lifukiwe.

Umeona zile "aka-"? Kilatini hakina *-ka-*. Kinapanga perfekti moja baada ya nyingine, na ukizitafsiri zote kwa *-li-* hadithi inakuwa kama ripoti ya polisi.

Je, perfekti ni *-li-* au *-me-*?

Zote mbili, muktadha ndio unaoamua. Huko Roma ilipatikana kola ya chuma ya kuvalishwa mtumwa shingoni, na kibati chake kimeandikwa: *Fugi, tene me. Cum revocaveris me domino meo Zonino, accipis solidum.* Yaani: "Nimetoroka, nishike. Ukinirudisha kwa bwana wangu Zoninus, unapata solidus," sarafu ya dhahabu hiyo. Ukiandika "nilitoroka" umeharibu, kwa sababu anayesoma kibati anaye mtoro mbele yake, shingo kwa macho. Na maneno yenyewe ni ya bwana, ila kamvisha mtumwa ayaseme kwa nafsi ya kwanza. Mimi hapo huwa nasita kila mwaka nikifundisha.

Na "alikuwa amenunua"?

Pluskwamperfekti: *emerat*. *Servum quem emerat manumisit*: alimwacha huru mtumwa aliyekuwa amemnunua.

Kamusi inasema *verna* ni "mtumwa aliyezaliwa nyumbani mwa bwana wake". Hakuna neno moja?

Lipo, na ni la pwani yetu: mzalia. *Fugitivus* ni mtoro, *ancilla* ni mjakazi. Maneno haya hatukuyaazima vitabuni. Utumwa ulikuwa hapa hapa. Ila *familia* usiitafsiri harakaharaka "familia", maana kwa Mroma neno hilo mara nyingi lilimaanisha watumwa wa nyumba.

Mtumwa akishaachwa huru, mambo yamekwisha?

Tazama vitenzi. *Manumisit* linatokana na *manus*, mkono, na *mittere*, kuachilia: tendo la mara moja, perfekti. Cicero, mwanasiasa na msemaji wa Roma, alimwacha huru katibu wake Tiro mwaka 53 K.K., naye akawa Marcus Tullius Tiro, jina la bwana likamwingia. Lakini aliyeachwa huru aliendelea kuwa na wajibu kwa bwana wake wa zamani, heshima na mara nyingi kazi pia. Kwa hayo utatumia *debebat*, alikuwa na wajibu, imperfekti.