Maiki yako haijafa, acha kwanza kununua nyingine

Juzi Jumatano usiku nimepokea meseji kutoka kwa dogo mmoja yuko Tabora, naiweka hapa kama ilivo: "Shikamoo kaka, maiki yangu Discord nasikika vizuri tu ila nikiingia CS2 nakuwa bubu, kapteni kaniambia mpaka Jumapili nisiposikika wanaweka mtu mwingine. Nina elfu 40, ninunue hedifoni gani?"

Kwa asiyejua, Discord ni programu ya kuongea na wenzako mkiwa mnacheza, na CS2 ni Counter-Strike 2, gemu la risasi la timu mbili za watu watano. Nimeisoma ile meseji kama mara nne. Mana hayo maneno "wanaweka mtu mwingine" mi nayajua, mi yalinikuta, na sikupewa hata hiyo mpaka Jumapili. Dogo jibu nililokutumia nimeliweka tena huko chini na halihitaji hata mia kwenye hiyo elfu 40 yako, ila ngoja kwanza niseme ya kwangu, naamini tunaocheza tukiwa tunataka kufika mbali wengi tumepita humu humu.

CS2 ilitoka Septemba 2023 ikachukua nafasi ya CS:GO, toleo la kabla yake, na sisi katimu ketu ka watu watano tukahamia wiki ile ile. Mi nilikuwa nimepata kompyuta ya mezani, ilikuwa ya ofisini, imetumika, nikaiongezea kadi ya picha kwa hela ya kudunduliza, nikasema sasa naanza kazi. Hedifoni nikanunua ya elfu 35. Nikachomeka kwenye tundu la kijani nyuma ya kompyuta, nasikia kila kitu, nyayo za maadui, risasi, wenzangu wanaongea, ila mi nikiongea hakuna anayenisikia. Nikahamishia tundu la pinki, sasa hata kusikia sisikii. Nikarudi dukani, muuzaji akaivaa, akachomeka sijui wapi, akasema hii maiki imekufa boss chukua hii ya gemaz, elfu 60, ina mataa. Nikachukua. Yale yale. Ya tatu ikawa elfu 85 na hiyo hela ilikuwa ya mambo mengine kabisa ambayo siwezi kuyaandika hapa mama yangu akaja kuyasoma.

Wenzangu wakaanza kuniita Bubu. Mwanzo nilicheka nao. Baadae likawa ndo jina, mtu anasema "Bubu kaa B" (A na B ni zile sehemu mbili za kutegea bomu) na mimi nakaa B.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata tukafika fainali ya kashindano kadogo ka mtandaoni, timu 16, zawadi sio kubwa ila kwetu ilikuwa kama kombe la dunia. Ramani, yani uwanja wa kuchezea ndani ya gemu, ni Mirage. Tuko nyuma 12 kwa 11, tunalinda, raundi hii tukishinda tunaenda muda wa nyongeza, tukipoteza tumeisha. Wapinzani wakarusha moshi na mabomu ya mwanga upande wa A, wenzangu wote wanne wakakimbilia A, mi nimebaki B peke yangu na hapo ndo nikawaona, wanne, wanatoka kwenye zile nyumba na bomu wanalo wao. Nikapiga kelele. Yani nilipiga kelele kweli, mpaka jirani akagonga ukuta, huku nimebana kitufe cha kuongelea kwa nguvu zote kama vile ukikibana sana sauti ndo itapita. Hakuna aliyegeuka. Nikaachia mausi nikaanza kutaipu, nilifika "B B 4" na hata enta sijabonyeza nimeshakufa. Bomu likategwa, sekunde 40 hizo za bomu niliziangalia zote wenzangu wanavyohangaika kurudi na hawakufika. 13 kwa 11.

Usiku huo huo, saa sita kasoro, nikaona kwenye simu kwamba nimeondolewa kwenye grupu. Hakuna aliyenipigia. Watu tuliocheza pamoja karibu mwaka na nusu. Nikisema imeisha moyoni nitakuwa nadanganya, haijaisha.

Aliyenifumbua macho wala sio mtu wa magemu. Ni mzee mmoja fundi redio pale Manzese karibu na darajani, nilimpelekea feni, mkononi nilikuwa na ile hedifoni ya elfu 85 nataka kuiuza kwa yeyote. Nikamwambia mzee hii maiki imekufa. Akaichukua, hakuichomeka popote. Akaivuta pini karibu na taa yake ya mezani, akawa anapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya ile pini, tik, tik, tik. Akasema, "Mwanangu, hesabu hizi pete nyeusi." Nikahesabu, tatu. "Pete tatu maana yake pini imegawanyika vipande vinne. Sikio la kushoto, sikio la kulia, ethi yani waya wa ardhi, na maiki. Hii ni pini ya simu. Kompyuta yako ina matundu mangapi?" Nikamwambia ya kijani na ya pinki. Akasema, "Basi kila tundu linataka pini ya pete mbili. Maiki yako nzima, haina pa kuingilia tu."

Akaichukua hedifoni, akaichomeka kwenye simu yake, akarekodi voisi ya sekunde tano, "moja mbili tatu, fundi Manzese", akanichezea. Safi kama redio. Nilisimama pale nikajisikia kulia, watu wanapita.

Dawa ilikuwa kawaya ka Y, upande mmoja kana tundu moja la kike, upande wa pili miguu miwili, wa kijani na wa pinki. Elfu 5. Nilishatumia laki na 80 kutafuta kitu cha elfu 5.

Kwa hiyo cha kwanza kabisa, kabla hujagusa setingi yoyote: pima maiki kwenye simu. Rekodi voisi ujisikilize. Simu yako haina tundu la hedifoni azima yenye nalo, na kama hedifoni ni ya USB ichomeke kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Ukisikika huko, maiki ni nzima, umeshaokoa hela. Halafu hesabu pete. Pete tatu na kompyuta ina matundu mawili, nunua Y. Na hapa kuwa makini mana kuna Y nyingine inafanana nayo kabisa ila ile ni ya watu wawili kusikiliza mziki mmoja, hiyo haikusaidii, angalia miguuni kuwe na kapicha ka hedifoni kwenye mguu mmoja na ka maiki kwenye mwingine. Laptopu nyingi za sasa zina tundu moja tu, la kuchanganya, hilo pini ya pete tatu inaingia moja kwa moja. Na angalia kaswichi ka kuzimia maiki kwenye waya, na kama maiki yenyewe ni ya kuchomoa isukume mpaka iingie yote, nimeshuhudia mtu amehangaika wiki nzima kumbe imeingia nusu.

Baada ya hapo ndo unaingia kwenye Windows. Nenda Settings, tafuta sehemu ya Privacy, ingia Microphone, uone kwamba maiki imeruhusiwa, na shuka mpaka chini kabisa kuna swichi ya pili ya programu za kawaida za kompyuta, ile wanaandika "desktop apps". Hiyo ikizimwa Windows yenyewe inaona maiki, ila Discord, Steam (ile programu unayofungulia CS2) na magemu yako yote hayapati kitu. Mi niliwahi kuizima mwenyewe nikifuata video ya kuongeza spidi ya kompyuta, nikapoteza siku mbili. Kisha nenda kwenye sauti, chagua maiki yako, ongea uone ule mstari unacheza. Mstari ukicheza hapo na kwenye gemu husikiki, ujue maiki na waya havina kosa tena, tatizo liko huko mbele. Usirudi nyuma kuvuruga waya.

Huko mbele ndo alipo dogo wa Tabora. Dogo, Discord ina setingi yake ya maiki na CS2 inafuata ya Steam, hazijuani. Fungua Steam, Settings, Voice, hapo juu kuna kuchagua kifaa, usiache ile Default, chagua jina la hedifoni yako kabisa kisha bonyeza kupima ujisikilize. Ninavyohisi umewahi kuchomeka kamera au umetumia simu kama kamera, na Steam ikashika maiki ya huko. Kama bado, ingia setingi za sauti za gemu uone kuongea hakujazimwa, au fungua konsoli, yani kale kadirisha ka kuandikia amri ndani ya gemu, uandike voice_modenable 1. Halafu uangalie kitufe cha kuongelea kimewekwa kipi, wengine wanakuta wamekibadilisha bila kujua.

Na kuna hii inachanganya sana: kwenye Discord unatumia kubana kitufe, nje ya gemu unasikika, ukiingia ndani ya gemu kitufe hakifanyi kazi. Mara nyingi ni kwa sababu gemu umelifungua kama administrator na Discord umeifungua kawaida, sasa Windows hairuhusu Discord kuona unachobonyeza ukiwa ndani ya programu yenye mamlaka makubwa kuliko yake. Fungua zote kwa namna moja, kwisha habari.

Wanaotumia Bluetooth nawapa pole. Hedifoni nyingi za Bluetooth maiki ikiwaka sauti yote inashuka, inakuwa kama unaongea na simu ya zamani, nyayo huzisikii zinatokea wapi. Hivo ndo zilivyotengenezwa. Tumia waya.

Kuhusu ngurumo, ile "mmmmm" wenzako wanalalamika, hii ya kwetu huku ni sana. Soketi zetu ni za pini tatu na ile pini ndefu ya juu ndo ethi, ila nyumba nyingi za kupanga hiyo ethi haijaenda popote, au ekstensheni ni ya bei rahisi haina ethi, au ndo wale wa kuchomeka kalamu tundu la juu ili chaja ya pini mbili iingie. Kama ni laptopu, chomoa chaja ucheze dakika mbili na betri. Ngurumo ikiondoka ni umeme, maiki haina kosa. Mi nilibadilisha ekstensheni na nikahamia kadi ndogo ya sauti ya USB ikapungua karibu yote. Kalamu kwenye soketi naomba uache, hilo ni swala la uhai wako. Na ile nyongeza ya maiki ya desibeli usiipandishe mpaka 30, weka 10 au 20, ukipandisha sana watu wanasikia feni yako, jogoo wa jirani, mpaka mama anavyokaanga vitunguu.

Mwanzo wa maneno yako ukiwa unakatika, hasa usiku ukiongea chini chini usiamshe nyumba, ni ile setingi ya Discord inayosubiri sauti ifike kiwango fulani ndo ifungue. Shusha kiwango kwa mkono, au tumia kitufe.

Na sio kila kitu ni maiki. Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, watu walikuwa wanasikika kama maroboti na kuna jamaa yangu alifungua hedifoni yake yote kwa bisibisi. Kipimo ni rahisi, Discord ina sehemu ya kupima maiki inayokurudishia sauti yako hapo hapo, kama hapo uko safi na wenzako wanasikia roboti basi angalia intaneti.

Gusa kitu kimoja, pima, ndo uguse kingine. Ukibadilisha vitu vitano kwa pamoja hata ikipona hutajua kilichoponya, kesho ikirudi unaanza sifuri.

Sasa nyie makapteni, na hili nalisema kwa moyo wote. Mtu wako hasikiki, kaa nae nusu saa. Nusu saa tu. Mwambie apime kwenye simu, mwambie ahesabu pete. Wangu hakunipa hata dakika kumi, na mi ndo nilikuwa mtu anayeona wanne wanatoka B. Kumfukuza mtu ambaye ana macho kwa sababu ya waya wa elfu 5 ni dhambi, na siku moja atakuja kukaa upande wa pili. Mwezi uliopita tumekutana nao, mi sasa ndo nawatajia wenzangu mipango kwenye timu yangu mpya, raundi zote mi ndo naongea. Tumewapiga 13 kwa 6. Sikuandika chochote kwenye chati. Sikuhitaji kutaipu.

Dogo wa Tabora, tangu nikujibu juzi hujaniambia kama ile ya Steam umeijaribu. Jumapili ni keshokutwa. Nitumie voisi, ila irekodi kwa hedifoni yenyewe ukiwa kwenye kompyuta, ya simu sitaki, nikusikie mwenyewe.