Jibu: Ninunue antivairasi ipi kwa kompyuta ya nyumbani?

Habari ndugu. Umeeleza kwamba kompyuta yako ya Windows 11 imekuwa nzito tangu uweke antivairasi mbili za bure, na sasa unauliza ipi ununue. Kabla ya kutoa fedha, ondoa zote mbili, kwa sababu zinapolinda kwa wakati mmoja hugombea kukagua mafaili yale yale. Kisha zima na uwashe kompyuta, ufungue Windows Security na kuhakikisha kwamba Microsoft Defender, ambayo huja na Windows bila malipo na kwa kawaida hujizima antivairasi nyingine inapowekwa, imerudi kazini. Kwa kazi za shule za watoto na barua pepe, mimi ningebaki na hiyo.

Kinachonitia shaka zaidi ni ile programu ya kuamsha Windows bila leseni, uliyosema ilikutaka uzime ulinzi kwanza. Hakuna antivairasi, hata ya kulipia, inayoweza kukusaidia ikiwa wewe mwenyewe umeizima ili mgeni apite. Iondoe, kisha endesha ukaguzi wa Defender Offline, ambao hufanyika kabla Windows haijaanza.

Kuhusu flashi uliyosema ilitoka steshenari ikiwa imejaa njia za mkato (shortcut), usizibofye wala usiifomati. Mara nyingi mafaili halisi yamefichwa tu. Ikague kwa Defender, kisha ruhusu Windows ionyeshe mafaili yaliyofichwa, pamoja na yale ya mfumo.

Ukiamua kununua hata hivyo, linganisha matokeo ya AV-TEST na AV-Comparatives, taasisi huru zinazopima antivairasi, na uangalie bei ya mwaka wa pili, ambayo mara nyingi hupanda.