Padre, nijiunge na loji ya Prince Hall?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Ninaishi Marekani. Mwenzangu wa kazini, Mmarekani mweusi, amenikaribisha kwenye loji yao, yaani tawi la chama cha Wamasoni (Freemasons), iitwayo Prince Hall. Anasema ilianzishwa na weusi waliokataliwa na wazungu, hata kabla Marekani haijapata uhuru. Nikijiunga nitakosea?

JIBU: Milele amina. Kwa historia, mwenzako hakukudanganya. Prince Hall, mtu mweusi ambaye loji hiyo ina jina lake, aliishi Boston. Mji huo, katika koloni la Massachusetts, ulikuwa bado chini ya Mwingereza, na wazungu wake walikuwa na loji tangu 1733. Mtu mweusi, hata aliye huru, hakufunguliwa mlango. Kwa mapokeo yao, tarehe 6 Machi 1775 Prince Hall na wenzake 14 walipokewa na loji ya askari wa jeshi la Uingereza, jeshi lile lile ambalo wiki chache baadaye wakoloni walianza kupigana nalo! Askari walipoondoka, weusi wale walibaki na ruhusa finyu: kukutana, kuandamana sikukuu ya Mtakatifu Yohane, na kuzika wafu wao. Kuingiza wanachama wapya, hapana. Hati ya kuwa loji kamili iliandikwa London 1784, ikawafikia 1787.

Hapo kwenye kuzikana ndipo ninapowaelewa. Nani kwetu hajui maana ya chama cha kuzikana, hasa ugenini? Tena Hall hakuishia hapo: mwaka 1777 yeye na wenzake waliliandikia bunge la Massachusetts kudai watumwa waachiwe huru.

Hata hivyo, usijiunge. Sikukatazi kwa sababu ya porojo za utajiri na kafara za damu. Hizo waachie wa vijiweni. Papa Klementi XII alikataza Umasoni mwaka 1738, kwa sababu ya viapo vya siri na udugu unaochanganya dini zote kana kwamba ni moja. Vatikano ikarudia 1983: Mkatoliki anayejiunga yumo katika dhambi nzito, asipokee Komunyo. Rangi ya loji haibadilishi kitu.

Ulizia parokiani kwako kuhusu Knights of Peter Claver, chama cha kidugu cha Wakatoliki. Nao walianzishwa na Wakatoliki, mapadre na walei, mwaka 1909 huko Mobile, Alabama, kwa ajili ya weusi waliokuwa wakifungiwa mlango na vyama vya Wakatoliki wenzao. Naam, aibu hiyo ni yetu.

Mwenzako mwambie sababu yako waziwazi, usimkwepe. Na akifiwa, nenda mazishini.