Patagonia haitaki haraka: ushauri kwa anayekwenda kuona wanyama wa pwani

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii. Ana siku mbili tu za kukaa Península Valdés, rasi ya hifadhi iliyoko Patagonia, kusini mwa Argentina, na anataka aone nyangumi, pengwini, sili-tembo (sili wakubwa kuliko wote) na orka (wale wawindaji wa baharini weusi wenye mabaka meupe), wote kwa mkupuo. Jibu fupi nililompa ni kwamba haiwezekani. Jibu refu ni hili.

Kwanza upepo. Unatoka magharibi, unakatiza nyika kavu isiyo na mti wa kuuzuia, na ukifika pwani unakurushia mchanga usoni. Gari liegeshe pua ielekee upepo, na mlango ushike kwa mikono miwili unapofungua, maana ukikuponyoka unapinda bawaba. Darubini iegemeze kwenye magoti au uzio. Ukiishika mikononi tu, unachokiona ni mtikisiko. Ndani ya hifadhi njia nyingi ni za changarawe, na kutoka Puerto Pirámides, kijiji cha boti za nyangumi, hadi Punta Norte, ncha ya kaskazini ya rasi, ni zaidi ya kilomita 70. Sasa piga hesabu ya siku zako mbili.

Mimi Punta Norte nilifika mwezi wa Machi, wakati watoto wa simba-bahari, jamaa wa sili, wanaanza kuchezea maji ya ukingoni. Nilikuwa nimeshasoma jedwali la maji kujaa na kupwa, kwa hiyo nilikaa pale kwenye uzio nikasubiri. Kiongozi wa msafara mmoja akaniambia mbele ya wageni wake kwamba napoteza muda, orka hawaji kwa miadi. Wakacheka, wakapiga picha, wakapanda basi. Kile kicheko kiliniuma, na sioni haya kusema kwamba bado kinaniuma.

Lakini maji yana miadi. Mbele ya ufuo ule kuna mwamba. Maji yakipwa, orka hana pa kupita. Yakijaa, unafunguka mkondo unaomfikisha hadi kwenye changarawe. Basi lilipoondoka, yalikuwa bado hayajajaa. Yalipojaa, nikaona pezi refu jeusi likija sambamba na ufuo, likazama, kisha mnyama mzima akajirusha nchi kavu katikati ya povu, akamdaka mtoto wa simba-bahari, akajinyonganyonga kurudi majini. Ni orka wachache tu wanaojua kuwinda hivyo, na wakubwa huwafundisha wadogo. Nililia, jamani.

Ndiyo maana nasema: chagua sehemu moja, jua maji yanajaa saa ngapi, kaa. Hata nyangumi ni hivyohivyo. Pale El Doradillo, karibu na Puerto Madryn, ufuo unashuka ghafla, hivyo maji yakijaa mama na mtoto hupita karibu mno, na hulipi boti. Utasikia pumzi zao kabla hujawaona. Tazama vile vigaga vyeupe kichwani: kila nyangumi ana mpangilio wake, na watafiti huwatambua kwa huo.

Tena tuwe na adabu. Argentina iliwatangaza nyangumi hawa kuwa urithi wa asili wa taifa mwaka 1984, na kisheria hairuhusiwi kuwasumbua. Kule Punta Tombo, kwenye koloni la pengwini, pengwini akitaka kuvuka njia, wewe ndiye unayesimama. Mwaka 2023 mafua ya ndege yaliwaua karibu watoto wote wa sili-tembo waliozaliwa Valdés msimu ule. Wanyama waliopitia hayo, wewe unawarukia uzio upate picha ya simu? Kaa nyuma ya uzio. Nimewaona watu wazima wakiuruka, na nikawakemea, na nitawakemea tena.

Sasa kwa ndugu yangu aliyeniandikia: nenda Oktoba. Nyangumi bado wapo, pengwini wanalalia mayai, na sili-tembo wana watoto. Orka muache, akitokea, ni bahati. Omba siku zaidi kazini, angalau zifike tano. Boti ya Puerto Pirámides iweke siku ya kwanza, kwa sababu upepo ukizidi bandari hufungwa na boti hazitoki, nawe utahitaji siku za kujaribu tena. Punta Tombo iko mbali kusini, ipe siku yake peke yake. Na ukifika, kabla hujauliza chochote kingine, ulizia jedwali la maji.