Shangazi Fundi Anajibu: Yule Mwenye Ndevu na Gauni la Dhahabu

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nakaa Ubungo. Juzi kwenye daladala la Kimara, dada mmoja alikuwa anaangalia video ya mwimbaji aliyevaa gauni refu la dhahabu, nywele mpaka mgongoni, kope ndefu, halafu ana ndevu za kiume kabisa. Gari zima likawaka ubishi. Mmoja akasema ni mwanamke aliyeota ndevu, mwingine akasema ni picha ya kutengeneza kwa kompyuta. Konda ndiye aliyefunga mjadala: “Huyo kapata jina kwa vituko, kuimba hajui.” Wewe unayetuandikia habari za waimbaji na mavazi yao, huyu ni nani na alipandaje?
Msomaji, Ubungo

JIBU: Marahaba mwanangu. Ubishi huo naujua, maana mwaka 2014 ulinikuta kwenye banda langu la Mtaa wa Narung’ombe, Kariakoo. Mteja wangu, mama anayeoza binti, alikuja na simu akaniwekea mezani. “Shangazi, nishonee hili hili.” Nikavaa miwani. Gauni lilikuwa la lesi ya dhahabu, limebana mpaka magotini kisha likachanua kama mkia wa samaki. Nikaikuza picha nione limekatwaje kiunoni, kidole kikateleza, picha ikapanda juu, nikakutana na ndevu. Tulitazamana na yule mama tusijue la kusema. Jioni nilimwomba mwanangu anitafutie video nzima. Nilikaa kuangalia gauni, nikajikuta nasikiliza.

Jina lake la jukwaani ni Conchita Wurst. Jina la kuzaliwa ni Thomas Neuwirth, watu wake humwita Tom. Ni mwanamume wa Austria anayepanda jukwaani akiwa amejivika umbo la mwanamke, na wasanii wa namna hiyo kwao huitwa dragi kwini. Usione ni jambo la ajabu sana kwa macho ya Dar. Joti tumemwona na gauni na kilemba, na nyumba nzima tukacheka hadi machozi. Tofauti ni kwamba Joti anavaa ili tucheke. Conchita alivaa, akaweka na ndevu, halafu akataka asikilizwe bila kuchekwa. Hapo ndipo penye ugumu.

Alizaliwa tarehe 6 Novemba 1988 mjini Gmunden, akakulia Bad Mitterndorf, mji mdogo wa milimani ambako wazazi wake walikuwa na nyumba ya wageni. Fikiria mahali ambapo kila mtu anamjua mtoto wa kila mtu, na wewe ni mvulana unayependa magauni. Utajificha wapi? Mwenyewe amesimulia kwamba alionewa sana utotoni, na kwamba yule mwanamke mwenye ndevu alimbuni kama jibu kwa mambo hayo.

Sasa konda wako anadhani alivaa gauni leo, kesho akawa maarufu. Sivyo. Mwaka 2006 alikwenda kwenye shindano la uimbaji la televisheni liitwalo Starmania akiwa kijana wa kawaida, hana gauni wala wigi, akawa wa pili. Mwaka uliofuata wakamtia kwenye kikundi cha vijana wa kiume, nacho kikavunjika mwaka huohuo. Akarudi darasani, Graz, kwenye shule ya mitindo, akamaliza mwaka 2011. Hapo mimi nilimpenda kabisa. Mtu ambaye ameshaonja kupigiwa makofi na taifa zima kukubali kurudi kujifunza kukata na kushona, huyo ana subira.

Mwaka huohuo wa 2011 ndipo Conchita alipotokea hadharani, kwenye shindano jingine la vipaji. Alishika nafasi ya sita. Mwaka 2012 akagombea kuiwakilisha Austria kwenye shindano la nyimbo la Eurovision, akashindwa kwa asilimia 49 kwa 51. Ukishindwa kwa mbali unalala usingizi, mwanangu. Kushindwa kwa kura kiduchu namna hiyo ndiko kunakoweza kumvunja mtu moyo akaacha kabisa.

Niseme kidogo kuhusu jina. Kwa Kijerumani “wurst” ni soseji. Lakini Waaustria wana msemo wao, wakisema jambo fulani kwao ni “wurst” wanamaanisha ni mamoja, liwe hivi au vile. Mtu aliyesemwa tangu utotoni yukoje na atembeeje akajiita Mamoja. Kila nikilifikiria jina hilo linanigusa.

Eurovision yenyewe ni shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, lilianza mwaka 1956. Wimbo usizidi dakika tatu, sauti iwe ya mubashara, na nchi haiwezi kujipigia kura. Septemba 2013 televisheni ya taifa ya Austria ilimteua Conchita moja kwa moja, bila shindano la ndani, na watu wakaja juu. Wapo waliojikusanya mtandaoni kumpinga kwao huko huko. Belarus watu walitia saini maombi kwamba akianza kuimba matangazo yakatwe. Na hapo wimbo wenyewe walikuwa hawajausikia.

Tarehe 10 Mei 2014, Copenhagen. Ukumbi ulikuwa karakana ya zamani ya kutengeneza meli. Nchi 26 kwenye fainali, na wengine walikuja na wacheza shoo na mbwembwe za kila aina. Yeye alisimama peke yake mahali pamoja, mwanga ukimpiga usoni, nyuma yake mabawa ya moto kwenye skrini. Wimbo unaitwa “Rise Like a Phoenix”, unahusu ndege wa hadithi anayeungua akawa majivu kisha akainuka tena. Unaanza chini, karibu kunong’ona, na mpaka katikati hajapaza sauti. Anaibana kifuani. Kisha anaiachia, inapanda, haitetemeki, na wewe uliyekuja kuangalia ndevu umeshazisahau. Nimewashonea waimbaji wa taarabu miaka mingi, nimekaa nyuma ya jukwaa na sindano mdomoni nikisubiri zipu ikatike, kwa hiyo najua kuimba nusu saa ukiwa umebanwa na gauni la mkia wa samaki ni kazi gani. Pumzi haina pa kwenda. Anayeweza kuishika sauti ndani ya vazi kama lile anajua kuimba, na konda mwambie nimesema mimi.

Alipata pointi 290. Uholanzi waliomfuata walipata 238. Austria ilikuwa haijashinda tangu 1966, miaka 48. Na lililonishangaza zaidi ni Urusi, ambako wakubwa walimkemea hadharani. Kura za watazamaji wa huko, watu wa kawaida na simu zao sebuleni, zilimweka nafasi ya tatu.

Siti binti Saad nanyi mnamjua. Binti wa Fumba, mtoto wa wafinyanzi. Alipoanza kuvuma mjini Unguja walimtungia nyimbo za kumsimanga kwamba ametoka shamba na kaniki zake, na isingekuwa sauti asingepata cha kula. Naye akawajibu kwa wimbo kwamba uzuri wa sura si hoja, hasara ni kukosa akili. Mwaka 1928 akapanda meli kwenda Bombay kurekodi santuri. Sisemi maisha yao yanafanana, hapana. Nasema lile neno la “kama si sauti” walilisema kama tusi, kumbe ndiyo sifa yenyewe. Sauti ndiyo iliyombeba Siti, na ndiyo iliyombeba huyu.

Mmegombana pia kama ni wa kike au wa kiume. Wazungu walihangaika nalo sana, maana lugha zao zinawalazimisha kuchagua neno la mwanamume au la mwanamke. Mwenyewe alisema Conchita ni wa kike, Tom ni wa kiume. Sisi tuna “yeye”. Nimeandika barua hii yote kwa “yeye” na hujapotea popote.

SWALI: Dada, habari za kazi. Mimi fundi mwenzio, Temeke. Zile ndevu ni za kweli? Na gauni kama lile unalikataje kwa mwili wa mwanamume? Nimepata oda ya kikundi cha maigizo, nimeharibu kitambaa mara mbili.
Fundi, Temeke

JIBU: Nzuri, mdogo wangu. Ndevu ni zake, ila alikuwa akizikoleza kwa rangi ili kamera izione vizuri. Nywele ndefu zilikuwa wigi.

Kosa lako nalijua bila kuliona: umechukua patani ya mwanamke ukaongeza inchi pande zote. Usifanye hivyo. Mwili wa kiume umeshuka moja kwa moja kutoka kifuani mpaka nyonga, na mabega yako mbele. Anza na mabega. Pima mgongo kutoka bega hadi bega akiwa amenyoosha mikono mbele, si amesimama kama askari, la sivyo akiinua mkono jukwaani mshono wa kwapa unaachia. Mimi liliniachia mbele ya watu, kikundi cha vichekesho, yule aliyecheza bibi. Nililia usiku ule.

Kisha kiuno usikitafute kwa kubana. Kitengeneze kwa kuongeza chini yake: kata sponji mbili za nyonga, zichonge kingo ziwe nyembamba kabisa, zishone kwenye bitana, siyo kwenye gauni. Bitana iwe ya pamba, maana atatoka jasho. Mkia uanze kuchanua inchi mbili juu ya goti, mwanamume anapiga hatua ndefu. Lesi iweke mwisho kabisa, na maua ya lesi yakutanishe kwa mkono, usiipitishe kwenye cherehani.

Na ujue Conchita baada ya ushindi alifunga onyesho la mbunifu wa mavazi Jean Paul Gaultier, Paris, Julai 2014, akiwa ndiye bi harusi. Kwenye maonyesho hayo bi harusi ndiye hutoka mwisho, na wote humsubiri. Kwetu sisi mafundi hiyo ni heshima kubwa.

SWALI: Shangazi shikamoo. Nasikia yule mwimbaji wa Austria ana UKIMWI, ndiyo maana kanyoa nywele na kapotea. Ni kweli? Kama ni kweli mbona mnamsifia?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba. Swali lako limenikalisha siku mbili.

Tarehe 15 Aprili 2018 aliandika mwenyewe mtandaoni kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI. Hakuwa amepanga kusema. Kuna mtu waliyewahi kuwa wapenzi aliyekuwa akimtishia kuitoa siri hiyo, naye akaona hatampa mtu rungu la kumpigia maisha yake yote. Akasema kwa ulimi wake. Alieleza kwamba yuko kwenye dawa kwa miaka kadhaa na kipimo hakivioni virusi tena. Kwa hiyo tuseme sawasawa: ana VVU, hana UKIMWI. Anayemeza dawa kila siku mpaka virusi vikafubaa visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Hayo utaambiwa kwenye kliniki yoyote hapa mjini.

Wala hajapotea. Mwaka huohuo wa 2018 alitoa albamu na okestra ya Vienna, na mwaka 2019 akatoa nyingine kwa jina la WURST peke yake, wigi kaliweka chini, nywele fupi, midundo ya kompyuta. Amebadili vazi tu.

Unauliza kwa nini tunamsifia. Nikwambie ninachokikumbuka. Sisi wa umri wangu tunamkumbuka Philly Lutaaya wa Uganda, mwanamuziki aliyesimama mbele ya watu akasema ninaumwa ugonjwa huu, akafa Desemba 1989. Tulimwogopa na kumhurumia kwa pamoja. Hapa kwetu wengi hawakusema, na wasikilizaji wao hatukuwapa nafasi ya kusema.

Nilikuwa na mteja mwimbaji, miaka ya tisini, simtaji. Sauti yake ilikuwa ikianza tu wanawake wanainuka na noti kwenda kumtunza. Gauni lake la kijani nilimpunguza mara nne ndani ya mwaka mmoja. Kila mara alikuja akasimama palepale mlangoni penye mwanga, mikono juu, nikazungusha futi kiunoni. Mimi nilijua. Yeye alijua kwamba najua. Tuliongea habari za bei ya shanga. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, na yeye tulikuwa tumeshamzika.

Daftari la vipimo ninalo bado. Kwenye ukurasa wake kiuno kimeandikwa thelathini, kimekatwa kwa kalamu, ishirini na nane, kimekatwa, ishirini na sita, kimekatwa, ishirini na nne. Pembeni nimeandika kwa mkono wangu: “ashonewe mkanda, asionekane amepungua.”